Babinski, Lasègue, Trousseau: majina ya Wafaransa kwenye faili la mgonjwa yana maana gani?

Karatasi ya kuruhusiwa hospitali siku hizi haikai kwenye mkoba wa mgonjwa peke yake. Inapigwa picha, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kabla mgonjwa hajafika nyumbani shangazi aliyeko Mwanza na binamu aliyeko Dubai wameshaanza kuulizana: hii "Babinski chanya mguu wa kulia" ni ugonjwa gani? Una dawa? Unarithiwa? Mmoja anaingia mtandaoni, anakutana na orodha ndefu ya magonjwa ya ubongo, na usiku huo nyumba nzima hailali. Maswali haya yanajirudia mno, na wanaoyauliza wanastahili jibu kwa Kiswahili kilichonyooka.

Babinski si ugonjwa. Ni jina la daktari wa Paris, na jina hilo limebaki kwenye njia moja ya kumpima mgonjwa kwa kumkwaruza unyayo. Lasègue ni hivyo hivyo, ila huyo jina lake liko kwenye kuinua mguu. Trousseau yuko kwenye mkono uliofungwa kipimo cha presha.

Ili tuelewane, tutenganishe mambo matatu ambayo kwenye mazungumzo ya kawaida tunayaita yote dalili. Dalili ni kile mgonjwa anachokihisi na kukisimulia: maumivu, ganzi, kizunguzungu. Ishara ni kile mpimaji anachokiona, anachokigusa au anachokisikia mwenyewe. Ugonjwa ndio uliozaa hayo mawili. Baba akisema mguu wake umekufa ganzi, ametoa dalili. Daktari akikwaruza unyayo na kuona kidole gumba kinainuka, ameona ishara. Kutoka hapo hadi kwenye ugonjwa bado kuna kazi, kwa sababu ishara humwonyesha daktari hitilafu iko sehemu gani ya mwili. Kilichosababisha hitilafu hiyo anaendelea kukitafuta kwa maswali na vipimo vingine.

Kwa nini Wafaransa wengi namna hii? Wapo wengine, Murphy wa Marekani na Romberg wa Ujerumani wakiwemo, lakini Paris ina sababu yake. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1794 zilianzishwa shule mpya za tiba Paris, Montpellier na Strasbourg. Wanafunzi walitolewa kwenye vitabu vya Kilatini wakapelekwa wodini, kando ya kitanda. Hospitali za Paris zilikuwa kubwa na zimejaa maskini. Mgonjwa alipimwa akiwa hai, na alipofariki mwili wake ulipasuliwa ili kilichoonekana ndani kilinganishwe na kilichoonekana nje. Maskini hao hawakuulizwa sana kama wameridhia, na haifai kulipita jambo hilo kimya, kwa sababu elimu ambayo leo inatibu dunia nzima ilijengwa juu ya miili yao.

Katika mazingira hayo Jean-Nicolas Corvisart, daktari wa Napoleon, alifasiri kwa Kifaransa mwaka 1808 kitabu cha Leopold Auenbrugger wa Vienna kuhusu kugonga kifua kwa vidole na kusikiliza mlio wake. Kitabu hicho kilikuwa kimetoka mwaka 1761 na karibu kila mtu alikuwa amekipuuza. Corvisart angeweza kujitwalia sifa yote, lakini aliacha jina la Auenbrugger lisimame. Mwanafunzi wake, René Laennec, ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker, alimpokea mwanamke kijana mwenye matatizo ya moyo, na kwa umri wake na jinsia yake hakuona heshima kumwekea sikio kifuani. Akakunja karatasi kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni. Mapigo yakasikika vizuri kuliko alivyozoea kuyasikia. Karatasi ikageuka bomba la mbao, na ndiyo asili ya stetoskopu iliyoko leo shingoni mwa kila muuguzi na daktari. Laennec alichapisha matokeo yake mwaka 1819, akafariki mwaka 1826 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 45.

Sasa turudi kwa Babinski, maana ndiye anayewatia watu hofu zaidi.

Joseph Babinski alizaliwa Paris mwaka 1857, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Alisomea magonjwa ya mishipa ya fahamu chini ya Jean-Martin Charcot, bingwa wa hospitali ya Salpêtrière. Charcot alishughulika sana na histeria: watu waliopooza, waliopoteza sauti au waliokakamaa ghafla, ilhali hakuna jeraha lililopatikana ubongoni. Kuna mchoro maarufu wa mwaka 1887 unaomwonyesha akifundisha, na anayemshikilia mgonjwa aliyezimia mbele ya darasa ni Babinski mwenyewe. Charcot alifariki mwaka 1893 na kuacha swali zito: mtu akiletwa mguu hausogei, utajuaje, angali hai, kama njia ya kutoka ubongoni hadi mguuni imeharibika? Swali hilo liliamua nani apewe matibabu na nani aambiwe anajifanya.

Tarehe 22 Februari 1896 Babinski alisimama mbele ya Chama cha Biolojia cha Paris na taarifa yenye mistari 28. Wengine walikuwa wameshaona vidole vya miguu vikifanya mambo ya ajabu, lakini yeye ndiye aliyeeleza maana yake.

Kipimo chenyewe hufanyika hivi. Mgonjwa analala chali, mguu umelegea. Mpimaji anachukua kitu butu, mara nyingi ufunguo au mpini wa nyundo ya kupimia, anakwaruza taratibu ukingo wa nje wa unyayo kuanzia kisigino kuelekea kidole kidogo, halafu anakata kona kuelekea kwenye kitako cha kidole gumba. Macho hayatoki kwenye kidole gumba, kwa sababu kinachohesabiwa ni mwendo wake wa kwanza. Kwa mtu mzima mwenye afya, kidole hujikunja kwenda chini. Kikiinuka kuelekea juu, polepole, na pengine vidole vingine vikitanuka, hiyo ndiyo Babinski chanya. Mgonjwa anayetekenyeka na kuuvuta mguu wote kwa ghafla hajaonyesha chochote bado. Anatulizwa, anapimwa tena.

Kidole kinainukaje? Uti wa mgongo una desturi zake za tangu utotoni, nao ubongo ukikomaa huzizuia, kama mzazi anavyomtuliza mtoto mbele ya wageni. Mzazi akitoka chumbani, mtoto anarudia mambo yake. Kidole kinachoinuka kwa mtu mzima kinatueleza kwamba amri ya ubongo haifiki chini, kwa hiyo njia imeguswa mahali fulani kati ya ubongo na sehemu ya chini ya uti wa mgongo.

Mahali gani hasa, na kwa sababu gani, ni suala jingine. Huenda ni kiharusi. Huenda ni ajali iliyoumiza uti wa mgongo, au uvimbe, au kifua kikuu kilichokula pingili za mgongo, jambo ambalo madaktari wa Afrika Mashariki hulifikiria mapema. Huonekana pia kwenye konzo, ugonjwa wa miguu kukakamaa unaowapata watu wanaoishi kwa mihogo michungu isiyoondolewa sumu vizuri, ambao umeripotiwa Kongo, Msumbiji na Tanzania. Mara nyingine ishara hutokea na kupotea: baada ya degedege la kifafa, au sukari ikishuka sana. Ndiyo maana anayesoma "Babinski chanya" mtandaoni na kuchagua ugonjwa mmoja kwenye orodha anajitesa bure.

Kuna wazazi walioona video za kipimo hiki wakaenda kukijaribu kwa watoto wao wachanga, kisha wakashtuka. Mtoto mchanga kidole chake kuinuka ni kawaida kabisa. Njia zake za ubongo bado hazijakomaa, na hali hiyo huweza kuendelea hadi mwaka mmoja hivi, kwa wengine hadi karibu miaka miwili. Ukiwa na wasiwasi kuhusu mwanao, angalia kama anakaa shingo, kama anatumia mikono yote miwili sawasawa, na umpeleke kliniki. Ufunguo uache mlangoni.

Jambo jingine linaniuma zaidi. Kwetu, mtu akianguka ghafla na upande mmoja ukalegea, bado wapo wanaosema amepigwa na upepo au ametupiwa jini, na saa za kwanza zinapotelea kwa mganga. Sidharau imani ya mtu. Lakini saa hizo zina thamani kubwa mno. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu kuanza kwa kiharusi, na ni lazima kwanza kipimo cha CT kionyeshe kwamba hakuna damu iliyovuja. Na msikae nyumbani mkimkwaruza mgonjwa unyayo ili muwe na uhakika, kwa sababu katika saa za mwanzo ishara ya Babinski inaweza isionekane ilhali kiharusi kipo. Kwa mtu wa nyumbani inatosha kuona mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno hayaeleweki. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Babinski hakuwahi kuwa profesa. Mwaka 1892 alishindwa kwenye usaili wa kupanda cheo mbele ya jopo lililoongozwa na Charles Bouchard, akabaki daktari wa wodi katika hospitali ya Pitié hadi alipostaafu. Bouchard naye yumo vitabuni, kwa vinundu vigumu vinavyoota kwenye viungo vya katikati vya vidole vya mikono kwa watu ambao viungo vyao vimelika. Alifika mbali kwa vyeo, lakini ishara ya mtu aliyemwangusha ndiyo inayopimwa kila siku katika kila wodi ya mishipa ya fahamu duniani.

Neno chanya nalo linachanganya. Wengine wanalisikia kama habari njema, wengine kama majibu ya virusi. Kwenye ishara, chanya maana yake imeonekana na hasi maana yake haikuonekana, basi. Hasi haimpi mtu cheti cha uzima. Chanya haimhukumu.

Hilo linaonekana vizuri zaidi kwenye ishara ya Lasègue, ambayo wenye maumivu ya mgongo wanaijua kwa vitendo hata kama jina hawalijui. Unalala chali, goti limenyooka, daktari anakushika kisigino na kuuinua mguu taratibu. Ukiwa umefika kati ya nyuzi 30 na 70 hivi, maumivu yakachomoka kutoka kiunoni au kalioni yakateremka kupita goti hadi kwenye kigimbi au unyayo, ishara ni chanya. Mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kiunoni kwenda mguuni umevutwa, na kama mzizi wake umebanwa, mara nyingi na diski iliyochomoza kati ya pingili, unalalamika. Kinachokosewa na wengi ni kuhesabu maumivu yoyote. Kukazwa nyuma ya paja ni misuli tu, hasa kwa dereva wa masafa marefu au mtu anayekaa ofisini kutwa, na maumivu yanayobaki kiunoni bila kushuka hayahesabiwi. Inapotokea mguu usiouma ukiinuliwa na maumivu yakachomoka kwenye mguu mgonjwa, daktari huchukulia jambo hilo kwa uzito zaidi, kwa sababu mara chache hutokea bila mzizi wa mshipa kubanwa kweli.

Charles Lasègue, aliyeishi Paris kuanzia 1816 hadi 1883, hakuwahi kuandika kipimo hiki mwenyewe. Kiliandikwa na mwanafunzi wake, Forst, katika tasnifu ya mwaka 1881, akakitaja kama mafunzo ya mwalimu wake. Na mwaka mmoja kabla, Laza Lazarević, daktari wa Serbia aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi, alikuwa amekieleza kwa Kiserbia, tena kwa sababu iliyo sahihi: kwamba mshipa unavutwa. Forst alidhani misuli ndiyo inayoukandamiza. Huko kwao Serbia jina la Lazarević linatajwa. Kwingine Kifaransa kilisomwa na wengi, Kiserbia kikasomwa na wachache, na jina likaenda na wasomaji. Kwa hiyo jina kwenye ishara lisichukuliwe kama hati ya umiliki.

Mfano mwingine ni ishara ya Lhermitte: ukiinamisha shingo kifuani unahisi kama umeme unashuka mgongoni hadi miguuni. Jean Lhermitte aliifanya ijulikane mwaka 1924, lakini Pierre Marie na Chatelin walishaieleza mwaka 1917 kwa askari waliojeruhiwa kichwani. Isitoshe, kwa maana tuliyoiweka mwanzoni hiyo ni dalili, kwa kuwa mgonjwa pekee ndiye anayeihisi. Vitabu vyenyewe vimezoea kuiita ishara, na hakuna aliyepata madhara kwa hilo.

Armand Trousseau, aliyezaliwa Tours mwaka 1801, ana ishara mbili ambazo hazihusiani kabisa, na hapa msomaji wa faili anapaswa kuwa mwangalifu. Ya kwanza inahusu upungufu wa kalsiamu kwenye damu. Mpimaji anafunga kipimo cha presha mkononi, anakijaza upepo kupita presha ya juu ya mgonjwa na kukiacha kwa dakika kama tatu. Kalsiamu ikiwa chini, mkono unajikunja wenyewe: kifundo kinainama, vidole vinanyooka vikiwa vimebanana, gumba linaingia kiganjani. Wafaransa waliuita mkono wa mkunga. Waliofanyiwa upasuaji wa goita, yaani tezi ya shingo iliyovimba, hupimwa hivi wakilalamika ganzi za midomo na vidole, kwa sababu nyuma ya tezi hiyo kuna vitezi vidogo vinavyolinda kiwango cha kalsiamu, na vinaweza kuguswa wakati wa upasuaji.

Ishara yake ya pili ni damu kuganda kwenye mishipa ya juu juu, mara mguuni, mara mkononi, ikihama bila sababu inayoonekana. Trousseau alifundisha mwaka 1865 kwamba hali hiyo inaweza kuwa tangazo la saratani iliyojificha ndani, hasa tumboni. Muda si mrefu akaiona kwenye mwili wake mwenyewe. Alielewa mara moja maana yake, na mwaka 1867 akafariki kwa saratani ya tumbo. Ikiwa karatasi yako imeandikwa Trousseau, basi, uliza ni ya kalsiamu au ya damu kuganda. Ni swali la sekunde tano na majibu yake yametengana mno.

Hata si kila jina ni la daktari. Alfred de Musset alikuwa mshairi, aliyefariki mwaka 1857. Kichwa chake kilikuwa kikitikisika kidogo kwa kufuata mapigo ya moyo, na mwaka 1900 daktari Armand Delpeuch aliipa ishara hiyo jina la mshairi. Hutokea pale vali ya mshipa mkuu unaotoka moyoni inapovuja sana na damu kurudi nyuma kila pigo. Vali kuharibika ni jambo tunalolijua vizuri Afrika Mashariki, kwa sababu homa ya baridi yabisi inayofuata koo la mtoto lisilotibiwa bado inaharibu mioyo ya vijana wetu.

Jules Froment wa Lyon aliwapa askari wa Vita Kuu ya Kwanza karatasi waibane kati ya gumba na kidole cha shahada, kisha akaivuta. Aliyeumia mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiwiko alilazimika kukunja ncha ya gumba ili asiachie. Aliieleza mwaka 1915. Leo kipimo hicho hicho cha karatasi kinasaidia kugundua mishipa iliyoharibiwa na ukoma, bila umeme wala mashine.

Na yupo Jean Kérandel, daktari wa jeshi la makoloni, aliyepata malale Afrika ya Kati alipokuwa anayachunguza. Mwaka 1910 aliandika kuhusu ugonjwa wake mwenyewe: alipojigonga kidogo kwenye mlango au meza, hakusikia kitu mara moja, kisha baada ya muda mfupi yalikuja maumivu makali ya ndani yasiyolingana na pigo. Ishara ya Kérandel hadi leo imo kwenye mafunzo ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o ambao bado upo Kongo, na ambao Uganda na Tanzania zinaujua vilevile. Wagonjwa wengi Waafrika bila shaka walilihisi jambo hilo kabla yake. Jina lilikwenda kwa aliyekuwa na kalamu na jarida la kuchapisha.

Mwisho, kuna wanaouliza: kama MRI ipo, kukwaruza unyayo na kuinua mguu kuna faida gani? Wengine humwona daktari anayetumia mikono kuwa amepitwa na wakati, wakadai wapigwe picha kwanza. Kwanza, zahanati nyingi hazina mashine hiyo, na ishara ndiyo inayoamua nani asafirishwe usiku huu na nani asubiri. Pili, picha peke yake hudanganya. Watu wengi wasio na maumivu yoyote, wakipigwa MRI ya mgongo, huonekana na diski zilizochomoza, na kadiri umri unavyokwenda ndivyo zinavyoongezeka. Mwenye diski kama hiyo upande wa kushoto ilhali mguu unaouma ni wa kulia hajapata jibu kwa picha ile, na kumpasua kwa sababu yake hakutamwondolea maumivu. Kwa hiyo ukipewa karatasi yenye jina la Mfaransa pamoja na bahasha ya picha, muulize daktari mambo matatu: ishara hii ilionekana upande gani, inalingana na kinachoonekana kwenye picha, na ilipopimwa tena imebadilika?